Alama za Kurudia

Kazini walimwita Mama Brashi, na ole wako udhani ni jina la dharau. Brashi ya inchi mbili ndiyo iliyomlisha kwa miaka ishirini na miwili, ikawasomesha binti zake wawili mpaka wakajitegemea, na ikampa heshima katika hifadhi ya msitu iliyo pembezoni mwa jiji kubwa, kule mabasi yanakogeuzia na lami inakoishia. Msitu ule una njia nne za kutembea kwa miguu: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Kila alama ya rangi unayoiona kwenye shina la mti imetoka mkononi mwake, na ukitaka kumwambia kwamba hiyo ni kazi ya kupaka rangi tu, simama mbali kidogo unaposema.

Maana kazi ile ilikuwa na kanuni zake. Alama iwe na ukubwa wa kiganja. Iwe usawa wa macho ya mtu wa kimo cha kawaida, si twiga. Ukisimama kwenye alama moja lazima uione inayofuata. Usipoiona, aliyepaka ndiye mjinga, si mtembeaji. Na kila mti upakwe pande mbili, upande mmoja kwa anayekwenda, upande wa pili kwa anayerudi. Wapakaji wengi huusahau huo wa pili. Yeye akimaliza njia nzima alianza upya kutoka mwisho, akijifanya mgeni asiyejua kitu, na pale aliposita hata kidogo aliongeza alama. "Kwenda kila mtu anaweza," aliwaambia vibarua wake. "Mtu hupotea akirudi."

Hasira alizaliwa nazo. Siku moja alimkuta kijana anachonga jina la mpenzi wake kwenye gome la mti, akamkimbiza mpaka kituo cha basi, kopo la rangi mkononi, mpenzi mwenyewe akabaki nyuma anakufa kwa kicheko. Lakini hasira zake zilikuwa na kasoro moja. Zikiwa ndogo zilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Zikiwa kubwa zilinyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, jamaa zake walisema, na wakati huo walikuwa wakitania.

Alikuwa akiishi na baba yake, fundi cherehani mstaafu wa miaka sabini na minane, aliyefiwa na mkewe zamani. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi mzee alivaa kofia, akakunja koti lake mkononi, akapanda basi peke yake na kwenda kutembea njia nyeupe. Alifika mpaka kwenye benchi la kijitoni, katikati ya njia, akala mkate wake, kisha akageuka na kurudi alikotoka, kwa sababu ng'ambo ya kijito kuna mlima na goti lake la kushoto halikutaka mchezo. Saa saba mchana alikuwa nyumbani. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na moja, mvua isiponyesha.

Matembezi hayo yalikuwa zaidi ya matembezi. Kaka yake Mama Brashi, kifungua mimba wa mzee, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na nyumba kubwa yenye ukuta na geti la chuma, na alitaka kumhamishia baba yao huko. Alisema akili ya mzee imeanza kuchoka. Ushahidi wake ni kwamba mzee aliwahi kusahau jiko likiwaka, na aliwahi kumwita mjukuu kwa jina la mjukuu mwingine. Nani hajawahi? Kaka mwenyewe ana watoto watatu, na huwataja wote kabla hajampata anayemtaka!

"Mtu anayekwenda msituni peke yake na kurudi peke yake, akili yake ina kasoro gani?" Mama Brashi aliuliza.

"Siku atakayopotea, anahamia kwangu. Bila mjadala. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alijibu, maana nani apotee kwenye njia aliyoipaka yeye?

Mzee alikuwa palepale anakunywa chai yake. Hawakumuuliza.

Kisha akaja Meneja mpya. Viatu vyake vilikuwa vizuri mno kwa kazi ile, na ndani ya msitu hakuwahi kupita mita mia. Jambo lake la kwanza lilikuwa kufungua kibanda cha vinywaji na kofia mwisho wa njia nyeupe. La pili lilikuwa kugundua kwamba nusu ya watembeaji huishia kijitoni na kurudi, kwa hiyo hawakioni kibanda. Akamwita Mama Brashi ofisini.

"Kuanzia sasa njia nyeupe ni ya upande mmoja. Watu waingie hapa, watokee kule."

"Na anayechoka katikati?"

"Atajikaza. Tunaweka mshale langoni."

"Mwenye goti bovu, bosi?"

"Mama, hizi alama za nyuma ndizo zinazowapa watu ruhusa ya kukata tamaa. Zifute. Halafu kwenye picha zinaonekana vibaya. Kama upele."

Upele! Miaka ishirini na miwili, jua na mvua, nyoka na siafu, kumbe alikuwa akiupaka msitu upele. Damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma. Laiti angefoka, laiti angempiga yule bwana na kopo la rangi, haya mengine yasingetokea. Alisema, "Sawa, bosi," akatoka.

Mwingine yeyote angeifanya kazi ile hovyohovyo, akapaka tope juu ya alama na kwenda zake, na mvua ya kwanza ingezirudisha zote. Kazi ya hovyo ingekuwa baraka. Lakini Mama Brashi hakujua kufanya kazi ya hovyo, na hasira ndiyo kabisa ilimzidishia ustadi. Wanataka zisionekane? Hazitaonekana! Alisugua kila alama kwa brashi ya waya, akalainisha kwa msasa, kisha akachanganya rangi ya kahawia na ya kijivu na tone la kijani, akaigongagonga kwa sifongo mpaka ikafanana na gome la mti uleule, mikunjo kwa mikunjo. Miti mia mbili na sita, siku tisa. Alitaka Meneja aje ashike kiuno, atafute doa moja la kulalamikia, alikose. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Meneja hakuja hata kutazama.

Nyumbani hakusema neno. Alikula kimya, akaosha vyombo kwa kuvigonganisha, akalala akiwa ameupa ulimwengu mgongo. Alhamisi ya katikati mvua ilinyesha na mzee hakutoka; kazi ilimalizika Jumatano iliyofuata. Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko, akafua mablanketi manne kwa mikono, mablanketi ambayo hayakuwa na kosa lolote. Baba yake alipita uani, kofia kichwani.

"Mama," alisema, alimwita hivyo tangu utotoni kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Wiki nzima umefunga mdomo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Baba."

"Haya. Likikushinda utaniambia."

"Nenda salama, Baba."

Nenda salama, akamwambia, na mikono iliyoifuta njia yake ya kurudi ikaendelea kukamua blanketi. Utauliza, mtu mzima mwenye akili zake anasahauje jambo kama hilo? Alisahau kwa sababu siku zote tisa aliwaza dharau aliyofanyiwa yeye, mikono yake, miaka yake. Meneja alikuwa amejaa kichwani mwake kote, hakubakiza nafasi ya mtu mwingine. Hakumfikiria hata mara moja mtu anayerudi, yeye aliyewafundisha wenzake kumfikiria.

Saa saba ilipita. Alidhani basi ndilo lililochelewa. Saa nane ilipita, akatoka nje ya nyumba na kutazama barabara. Saa tisa kasoro simu ililia, na alikuwa mlinzi wa lango la hifadhi, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi.

"Dada, mzee wako hajatoka."

"Atakuwa ametokea upande wa kibanda."

"Nimewapigia. Hawajamwona."

"Alipoingia ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, mzee, siku hizi ni kwenda mbele tu, hakuna kurudi. Akacheka. Akasema kwa umri wake hilo analijua."

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Aliliacha beseni na maji yake, akatoka na kandambili miguuni, akakodi pikipiki na kumtukana dereva njia nzima kwa kosa la kusimama kwenye taa nyekundu.

Alipofika kwenye benchi la kijitoni alikuta makombo ya mkate na chungu wakiyabeba. Kwa hiyo mzee alifika, akapumzika kama kawaida, akageuka. Mama Brashi naye akageuka hapohapo ili aone alichokiona baba yake, na akauona ustadi wake mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Miti ilisimama mitupu, kahawia tupu, na yeye aliyejua kila alama ilipokuwa alilazimika kusogea na kukodoa macho. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe sasa haikujua imwelekee nani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zile zilikuwa bado na madoa ya rangi ya kahawia.

Kwenye kona ya tatu wapanda baiskeli walikuwa wamejikatia njia yao ya mkato, pana na safi kuliko njia halali. Zamani alama mbili nyeupe zilikuambia hapa shika kushoto. Sasa mtu yeyote mwenye busara angeshika njia pana. Akaifuata, akiita "Baba! Baba!" mpaka koo likakauka. Hakuna aliyeitika. Njia iliteremka bondeni, ikapita kwenye matope, na nyuma ya korongo, si mbali kabisa, alimkuta baba yake amekaa kwenye gogo, mgongo wima, koti magotini, kama mtu anayesubiri mteja aje kuchukua suruali yake.

"Baba! Nakuita tangu kule juu, husikii?"

"Nasikia."

"Sasa mbona huitiki?"

Mzee aliivua kofia yake, akaitazama. "Niliona aibu."

Hakuwa ameumia. Alikuwa na tope kwenye viatu na kiu. Mama Brashi alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Baba, alama nimezifuta mimi. Zile za kurudia. Meneja aliniamuru nizifute, nimemaliza jana. Hujapotea wewe. Tumekupoteza sisi."

"Umezifuta wewe," mzee alisema, kama anayepima neno.

"Mimi."

"Unajua niliupapasa mti, mama? Ule wa kwenye kona. Vidole vikaniambia, hapa pamesuguliwa, hapa kuna rangi mpya. Miaka hamsini nimeshika vitambaa, vidole hivi havijawahi kunidanganya. Lakini macho hayakuona kitu." Akatikisa kichwa. "Nikavikatalia. Nikasema ndivyo inavyoanza. Nikasema kumbe mwanangu mkubwa ameona kweli."

Binti yake alimsaidia kusimama, akamshika kiwiko, wakapanda bonde polepole kwa ajili ya lile goti.

Langoni kulikuwa na watu wawili wakiwasubiri, na jua lilikuwa bado juu ya miti. Mmoja alikuwa Kaka, aliyepigiwa simu na mlinzi, milango ya gari lake ikiwa wazi. Mwingine alikuwa Meneja, na karatasi mkononi.

"Tumshukuru Mungu," Meneja alisema. "Ni taarifa fupi tu ya tukio, mama, kwa kuwa wewe ni mfanyakazi na pia ni ndugu. Saini hapa chini."

Mama Brashi akasoma. Mgeni mwenye umri mkubwa alipoteza kumbukumbu na kuacha njia.

Zile siku tisa za kimya zikapasuka. "Alipoteza kumbukumbu? Baba yangu? Wewe ndiye uliyepoteza akili! Uliniita hapo ofisini ukaniambia niufute msitu kwa sababu ya soda zako! Mtu mwenye goti bovu ajikaze, si ulisema? Haya, mwambie mwenyewe, huyu hapa, mwambie ajikaze!"

"Mama, tuongee kwa utulivu."

"Sina utulivu! Andika: njia ilifutwa. Andika: kwa amri ya Meneja. Na hapo chini andika: aliyefuta ni huyu mwenye kandambili, na alifuta vizuri, mpumbavu yule, alifuta vizuri sana!" Aliichana karatasi vipande vinne na kumwekea mkononi.

Mlinzi wa lango alijifanya anatafuta kitu mezani. Kaka ndiye aliyesema, na hakupaza sauti, jambo lililoumiza zaidi.

"Ulijua Baba hurudi kwa njia ileile kila wiki."

"Nilijua."

"Ukakaa naye nyumba moja siku tisa. Hukumwambia?"

"Nilikuwa na hasira."

"Na nani? Na yeye?"

Alikuwa na majibu ya watu wote, kuanzia Meneja mpaka dereva wa pikipiki, lakini la swali hilo hakuwa nalo.

"Hata hivyo kichwa chake ni kizima," alisema mwishowe. "Umesikia mwenyewe. Mkataba wetu haupo, kwa sababu hakupotea. Baba, njoo twende nyumbani."

Lakini mzee alikuwa ameshaingia kwenye gari la mwanawe. Alikuwa amekaa kiti cha mbele na anahangaika na mkanda.

"Baba, shuka. Nimeshaeleza."

"Nimesikia, mama. Umesema vizuri. Acha kaka yako anipeleke, nimechoka."

Wiki tatu zilizofuata, wafanyakazi wa hifadhi bado wanazisimulia. Mama Brashi aliandika taarifa yake mwenyewe, kurasa tano kwa mkono, akaipeleka kwa wakubwa wa Meneja na kukaa kwenye benchi la mapokezi siku mbili mfululizo na chakula chake kwenye mfuko mpaka wakachoka kumwona. Alizungumza, na safari hii alizungumza kwa sauti. Mshale wa langoni uling'olewa. Kibanda kilihamishiwa langoni, ambako hata mtoto angekiweka tangu mwanzo. Meneja alipewa barua ya onyo na kuanza kumwamkia kwa heshima mno, na yeye aliitika kwa heshima ndogo. Kisha akarudi njiani na kopo lake, akaipaka miti yote mia mbili na sita, akaongeza alama tatu nzito kwenye ile kona, akamaliza Jumatano. Alitembea njia nzima kwenda na kurudi mara mbili. Hakusita popote.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa kaka yake. Geti la chuma lilikuwa wazi, na mzee alikuwa chumbani kwake, kitanda kimetandikwa vizuri, runinga inaongea peke yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Alama zimerudi zote, mbele na nyuma. Nimepaka mwenyewe, nimekagua mwenyewe. Vaa kofia twende."

Uso wa mzee ulichangamka, ukatulia tena. "Umemuuliza kaka yako?"

"Nimuulize nini?"

"Kama ninaruhusiwa."

Hasira ikampanda, ile ndogo yenye kelele. Huyu ndiye mtu aliyewashonea sare za shule yeye na kaka yake, aliyewatandika walipochelewa kurudi, aliyewapangia saa ya kula na saa ya kulala. Alikwenda sebuleni kwa kishindo, tayari kwa vita, akamkuta Kaka anakunywa chai.

"Umemkataza Baba kutoka?"

Kaka aliweka kikombe chini. Tangu siku ile ya langoni alikuwa amepungua maneno. "Mimi? Nimkataze mimi ni nani? Kila siku namwambia, Baba, toka unyooshe miguu, geti liko wazi. Hajawahi kulisogelea. Nenda naye, tafadhali. Ningekuwa sina kazi dukani ningekuja pia."

Mama Brashi hakupata mtu wa kumgombeza. Akarudi chumbani, akalainisha sauti kadiri alivyoweza.

"Amesema twende, Baba. Amefurahi."

Mzee aliinuka taratibu. Alizima runinga, akavaa kofia, akakunja koti lake mkononi, akamfuata binti yake kwenye korido. Mlangoni akasimama.

"Amesema turudi saa ngapi?"